Edward Barnard: Yatima Aliyelisoma Giza la Mbingu

Wazee wetu wa mwambao waliijua mbingu kabla ya kuijua ramani. Nahodha alitweka tanga usiku akajua pa kuelekea kwa kutazama nyota, na mkulima alikitazama Kilimia akajua kwamba wakati wa kushika jembe umewadia. Nami niliyelelewa chuoni, nikisomea ubaoni kwa wino wa masizi, nilizijua burji 12 za mbinguni, tangu Hamali hadi Hutu, kabla sijayajua majina ya wilaya za nchi yangu. Lakini nakiri mbele yako, msomaji mpenzi, kwamba katika miaka hamsini na kitu ya kuziangalia nyota, sikupata hata siku moja kujiuliza ni kitu gani kile cheusi kilichoko baina ya nyota na nyota. Nalidhani ni utupu, basi.

Aliyenizindua ni mpwa wangu. Kijana huyu afanya kazi Muskat, na kila apatapo nafasi hutoka na wenziwe kwa gari hadi jangwani, mahali ambapo taa za mji hazifiki, wakapiga picha za nyota. Si kazi impayo riziki; ni mapenzi tu. Alipokuja likizo alinifungulia picha ya Jabari, lile kundi la nyota ambalo Wazungu huliita Orion. Picha ile haikupigwa mara moja. Ilikuwa vipande 24, kila kimoja kimepigwa peke yake kwa muda wa usiku mwingi, kisha vikaunganishwa kwa kompyuta kama mama zetu washonavyo ukili, mstari kwa mstari, mpaka ukawa mkeka mmoja usioonyesha mshono.

Pale pichani naliona tao kubwa jekundu limeuzunguka upande mmoja wa Jabari. Nikauliza jina lake, nikaambiwa ni Tao la Barnard. Chini kidogo ya ukanda wa Jabari naliona umbo jeusi, utadhani kichwa cha farasi kimechomoza dirishani. Nikauliza hilo nalo, nikaambiwa kwamba katika daftari la wanafalaki ni Barnard namba 33. Nikauliza basi Barnard mwenyewe ni nani. Mpwa wangu alicheka, akasema kwamba jina hulitaja kila siku lakini mtu hamjui. Niliona haya ni deni. Nikakaa kitako na vitabu, na leo nalilipa deni hilo mbele yenu.

Edward Emerson Barnard alizaliwa tarehe 16 Desemba 1857 katika mji wa Nashville, jimbo la Tennessee, kusini mwa Marekani. Alizaliwa yatima, kwani babake alifariki miezi michache kabla ya yeye kuja duniani. Mamake, Elizabeth, alibaki na watoto wawili wa kiume na ufukara usio kifani. Alikuwa akitengeneza maua ya nta na kuyauza, na kwa mapato hayo madogo ndipo walipopata kula. Mtoto huyu aliingia shule kwa muda wa miezi 2 tu katika utoto wake wote. Kusoma na kuandika alifundishwa na mamake nyumbani.

Alipokuwa na umri wa miaka 3 vikazuka vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Nashville ikatekwa, njaa ikaingia, na baadaye kipindupindu kikaupiga mji. Barnard mwenyewe aliugua ugonjwa huo akanusurika. Katika siku zile za dhiki mtoto alikuwa akipiga mbizi katika mto Cumberland kutafuta masanduku ya biskuti ngumu za askari yaliyozama pamoja na meli, ili nyumbani wapate cha kutia kinywani. Na usiku wa joto alikuwa akijilaza chali juu ya gari bovu la kukokotwa, akizitazama nyota. Hapakuwa na mtu wa kumwambia majina. Alichagua nyota moja nyeupe iliyokuwa ikipita karibu na utosi wa mbingu, akaifanya rafiki. Miaka mingi baadaye ndipo alipojua kwamba nyota ile ni Vega. Nasi tuliosoma kidogo tunajua kwamba Vega ni neno la Kiarabu lililopotoshwa, An-Nasr al-Waki, yaani tai anayetua.

Mnamo mwaka wa 1866, kabla hajatimiza miaka 9, mamake alimpeleka kufanya kazi katika duka la mpiga picha mjini. Zamani zile taa za umeme hazikuwako. Mpiga picha aliyetaka kuikuza picha ndogo iwe kubwa alitumia mwanga wa jua, na juu ya paa la duka lile palikuwa na kamera kubwa mno kwa kazi hiyo. Kamera ile iliitwa Jupiter, jina la Kizungu la sayari yetu Mushtari. Kwa kuwa jua halisimami, ilibidi awepo mtu wa kuzungusha magurudumu pole pole mchana kutwa, ili kamera ilifuate jua bila ya kulipoteza. Watoto waliotangulia kazi hiyo walishikwa na usingizi wakafukuzwa. Barnard hakusinzia. Alisimama juani, majira nenda majira rudi, mkono juu ya gurudumu na jicho juu ya nuru. Aliitumikia kazi ya picha kwa muda wa miaka 17.

Nakuomba msomaji uyaweke moyoni mambo mawili katika kisa hiki: kwamba mtoto huyu alijifunza kuifuata nuru bila kuchoka, na kwamba alijifunza jinsi picha inavyozaliwa gizani. Yote aliyoyafanya baadaye yametokana na hayo mawili.

Elimu ya nyota nayo ilimjia kwa njia ya deni. Mnamo mwaka wa 1876 kijana mmoja alimwendea kukopa dola 2, akamwachia kitabu kuwa rahani. Barnard alikasirika, kwani alijua fedha zake hazitarudi. Siku alipokifungua kitabu akakuta ni cha falaki, kimeandikwa na Thomas Dick, na ndani yake mna ramani za nyota. Usiku ule ule alisimama na ramani ile akailinganisha na mbingu, na kwa mara ya kwanza akayajua majina ya rafiki zake wa utotoni. Sidhani kama yuko mtu aliyepata faida kubwa kuliko hiyo kwa dola 2 zilizopotea.

Mafundi wenziwe dukani walimsaidia kuunda darubini ndogo. Kisha akaingiwa na tamaa ya darubini ya kweli, yenye lenzi ya inchi 5. Bei yake ilikuwa dola 380, karibu thuluthi mbili ya mshahara wake wa mwaka mzima, na nyumbani ana mama mgonjwa wa kumtunza. Akajibana, akainunua.

Mwaka wa 1877 wanachuoni wa Marekani walifanya mkutano wao mkuu mjini Nashville. Rais wa mkutano alikuwa Simon Newcomb, bingwa wa falaki na hesabu aliyesifika nchi nzima. Barnard, kijana wa miaka 19, alijikaza akamwendea kumuuliza mtu kama yeye mwenye darubini yake ndogo aweza kufanya nini cha manufaa. Newcomb alimuuliza kama anajua hesabu. Aliposikia kwamba hajui, alimwambia kwa ufupi kwamba aiweke kando darubini hiyo na aende akasome hesabu kwanza. Kijana aliondoka, akajificha nyuma ya nguzo moja ya jumba la mkutano, akalia. Lakini machozi yalipokauka alikwenda kutafuta mwalimu wa kumfundisha hesabu usiku, baada ya kazi. Wala darubini hakuiweka kando.

Miaka ile palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Rochester aliyeitwa Warner, muuza dawa, aliyeahidi zawadi ya dola 200 kwa kila nyota mpya ya mkia itakayogunduliwa na Mmarekani. Barnard alikuwa ameoa mwanzoni mwa mwaka wa 1881. Mkewe, Rhoda Calvert, alitoka Uingereza, dada wa mafundi wenziwe pale dukani, na alimzidi umri kwa miaka mingi. Walihitaji nyumba. Mnamo Septemba mwaka ule ule Barnard aligundua nyota ya mkia, akalipwa. Wakanunua kiwanja, wakaanza kujenga kwa mkopo. Kila deni lilipokaribia, mume alitoka usiku na darubini yake kuipepeta mbingu, na mara kwa mara mbingu ilimpa. Nyumba ile watu waliiita Nyumba ya Nyota za Mkia. Katika maisha yake aligundua nyota za mkia zisizopungua 15.

Sifa zake zikafika Chuo Kikuu cha Vanderbilt pale pale Nashville. Mwaka wa 1883 walimpa nyumba na dola 300 kwa mwaka, asome hesabu na huku aiangalie darubini ya chuo. Ndipo alipoaga duka la picha. Alikuwa mwanafunzi na mwalimu kwa wakati mmoja, mtu mzima mwenye mke akikaa darasani na vijana. Hakuona haya. Mwenye kutaka elimu haoni haya, na mwenye kuona haya hasomi.

Mwaka wa 1887 alifunga safari kwenda California, ambako juu ya mlima Hamilton palikuwa pakijengwa nyumba ya darubini ya Lick, yenye lenzi ya inchi 36, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani zama hizo. Alipofika kazi haijawa tayari, ikambidi akae San Francisco akinakili hati za wakili ili apate kula. Mwaka wa 1888 akapanda mlimani. Huko nako hakupewa darubini kubwa mara moja. Alinung'unika na kugombana na mkubwa wake kwa miaka, hata mwaka wa 1892 akapewa usiku mmoja tu kwa juma, usiku wa Ijumaa. Ijumaa ya tarehe 9 Septemba 1892 aliielekeza darubini kwenye Mushtari, akaona nukta ndogo ya nuru karibu na sayari ile. Ulikuwa mwezi wa tano wa Mushtari. Tangu Galileo aone ile minne ya kwanza mwaka wa 1610, miaka 282 ilikuwa imepita pasi na mtu kuuongeza mwingine. Na tangu siku ile hadi leo hapana mwezi wa sayari yoyote uliogunduliwa kwa jicho la mtu likitazama darubinini. Yote iliyofuata imepatikana kwa picha na vyombo. Yule mtoto aliyezungusha kamera iitwayo Jupiter alikuja kutukuka kwa Jupiter yenyewe.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya nishike kalamu. Wakati alipokuwa amenyimwa darubini kubwa, Barnard alirudia kazi yake ya utotoni. Palikuwa na lenzi kuukuu ya inchi 6, iliyotumiwa na mpiga picha mmoja wa San Francisco kwa kupigia picha za watu, mabibi na mabwana waliokaa vitini wakitazama mbele. Aliitia katika sanduku la mbao, akalifunga juu ya darubini ndogo, akaielekeza kwenye Njia ya Maziwa, ile ambayo Waarabu huiita Majarra. Kwa kuwa lenzi za picha za watu huona upana mkubwa na hunywa mwanga mwingi, zilifaa kwa mbingu kuliko darubini kubwa zenye kutazama mahali padogo.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso. Bamba la kioo lilipakwa dawa ishikayo nuru, likawekwa nyuma ya lenzi, kisha jicho la kamera likaachwa wazi kwa muda wa saa 3, 4, hata 5 na zaidi. Muda wote huo dunia yazunguka, na nyota zasogea. Barnard alikuwa na jicho moja darubinini, ameikamata nyota moja katikati ya nyuzi mbili nyembamba, na mkono wake warekebisha chombo kila nukta ili nyota isitoroke. Akipenga au akisinzia, kazi ya usiku kucha imeharibika. Wala chumba hakipashwi moto hata katika baridi ya theluji, kwani hewa ya moto hutikisa nuru ya nyota. Ni ile ile kazi ya kulifuata jua juu ya paa, ila safari hii alifuata nyota.

Mabamba ya mwaka wa 1889 yalionyesha kitu ambacho jicho la binadamu halikupata kukiona. Njia ya Maziwa haikuwa tena ukungu mweupe. Ilikuwa mawingu kwa mawingu ya nyota zisizohesabika. Mwaka wa 1890, akikitazama Kilimia chetu kwa darubini kubwa, aliona wingu dogo la nuru karibu mno na nyota iitwayo Merope. Na Oktoba 1894 alichukua lenzi ndogo ya taa ya kuonyeshea picha ukutani, kipenyo chake inchi 1 na nusu, kitu cha bei rahisi kabisa, akaielekeza kwenye Jabari. Ndipo lilipotokea lile tao kubwa. Mwenziwe Pickering alikuwa amelipiga picha miaka mitano kabla yake, lakini jina lililoshika ni la Barnard. Tao lile upana wake washinda miezi mipevu 20 iliyopangwa safu moja. Darubini kubwa hazikuliona kwa sababu ya ukubwa wake, kama chungu atembeaye juu ya ndovu asijue ni ndovu. Vijana wa leo wenye lenzi kali zenye kutazama mahali padogo hawana budi kulipiga vipande vipande kisha kuvishona. Barnard alilipata zima kwa kigae cha kioo.

Sasa nifikie kiini cha maneno. Katika mabamba yale, katikati ya mawingu ya nyota, palikuwa na madoa meusi, mifereji, na njia za giza zilizopinda kama mito. Herschel na wengine wa karne zilizotangulia waliyaona machache yao, wakadhani ni matundu, yaani mahali pasipo na nyota. Barnard naye alishika kauli hiyo hiyo. Kwa muda wa miaka kama 20 aliandika juu ya matundu na nafasi tupu za mbinguni. Mwingereza Ranyard, aliyezichapisha baadhi ya picha hizo katika jarida lake, alisema mapema kwamba huenda hayo si matundu bali ni vitu vyeusi vilivyoziba nyota za nyuma. Huko Ujerumani Max Wolf naye alikuwa akipiga picha kama zake na kuwaza mambo yayo hayo. Barnard hakukubali upesi. Mtu aliyeyaona matundu kwa macho yake, na kuyapiga picha kwa mikono yake, ni vigumu kuambiwa kwamba si matundu.

Mwaka wa 1895 alihamia Chuo Kikuu cha Chicago, kwenye nyumba ya darubini ya Yerkes, kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin. Mwaka wa 1901 alisafiri hadi kisiwa cha Sumatra, ng'ambo ya bahari yetu hii ya Hindi, kupiga picha ya kupatwa kwa jua. Mawingu yakatanda, akarudi mikono mitupu. Mwaka wa 1904 darubini ya picha yenye lenzi ya inchi 10 ilimalizika, kwa fedha za Bi. Catherine Bruce wa New York aliyetoa dola 7,000. Mwaka uliofuata Barnard aliichukua hadi mlima Wilson huko California, kwa kuwa sehemu nzuri kabisa za Njia ya Maziwa ziko upande wa kusini, na kule Wisconsin huonekana chini chini karibu na upeo wa macho. Kwa miezi kadha alikesha mlimani, akapata mabamba kama 500.

Kisha ukaja usiku mmoja wa kiangazi mwaka wa 1913, usiku mweupe usio na mwezi. Barnard alikuwa Yerkes, jicho darubinini, akipiga picha sehemu za burji ya Kausi. Alipoinua uso aliona vipande vidogo vya mawingu, mawingu haya haya ya mvua, vikipita mbele ya nuru ya nyota. Mawingu hayo, ambayo mchana ni meupe kama pamba, usiku ule yalikuwa meusi ti. Na umbo lake, na ukingo wake, na weusi wake, yalikuwa ni yale yale madoa aliyoyapiga picha kwa miaka 24. Tofauti ilikuwa moja tu: haya yalikuwa yakitembea. Palikuwa hapana tundu. Palikuwa na kitu.

Mtu wa miaka 55, mwenye sifa zimeenea ulimwenguni, aliishika kauli mpya akaiacha ya zamani. Hakuiacha kwa papara. Alirudi kwenye mabamba yake, moja baada ya jingine, akayapima upya. Mwaka wa 1919 akachapisha orodha ya madoa meusi 182 ya mbinguni, na akaeleza kwamba mengi yake ayaamini kuwa ni miili halisi iliyotuzibia nuru, ingawa hakuthubutu kusema hivyo juu ya yote. Ndipo kila doa lilipopata namba, na kile kichwa cha farasi kikawa cha 33.

Miaka hiyo ya mwisho ilikuwa ya huzuni kwake. Mwaka wa 1914 aliambiwa ana ugonjwa wa sukari, akakatazwa kukesha kwa muda. Mwaka wa 1921 Rhoda alifariki, nao hawakujaliwa mtoto. Kilichobaki ni kitabu chake kikubwa cha picha za Njia ya Maziwa. Kwa kuwa hakuziamini mashine za kuchapia, kila picha ilisafishwa kwa mkono juu ya karatasi ya picha, na nakala za kitabu zilikuwa 700. Jumla zikawa picha 35,700. Barnard alizikagua zote, moja moja. Alifariki tarehe 6 Februari 1923, kitabu hakijatoka. Mary Calvert, mpwa wa mkewe aliyekuwa msaidizi wake, alikaa chini akaimaliza kazi, na mwaka wa 1927 kitabu kikachapishwa, kikiwa na madoa zaidi ya 340. Miaka 3 baadaye Trumpler alithibitisha kwa vipimo kwamba kweli baina ya nyota mna vumbi lizibalo nuru.

Leo twajua zaidi. Mawingu yale meusi ni gesi na vumbi laini, yenye baridi isiyosemeka. Lile la namba 68, ndani yake baridi yakaribia digrii 263 chini ya sifuri. Na ni humo gizani, katika baridi hiyo, ambamo gesi hujikusanya, ikabanwa, ikashika moto, ikawa nyota mpya. Pale palipodhaniwa kuwa pamekufa ndipo penye uzazi.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nalikumbuka ubao wa chuoni. Ubao ulipakwa weupe, nasi tukaandika kwa wino mweusi. Mtoto wa siku ya kwanza hutazama akaona uchafu juu ya kitu cheupe. Mwalimu humshika kidole akamwonyesha kwamba kile cheusi ndicho kisomwacho. Barnard hakuwa na mwalimu wa kumshika kidole. Alikaa mbele ya ubao ule miaka 24, akautazama weupe, akausifu weupe, mpaka wino ulipojisema wenyewe. Darubini njema wanazo wengi. Kwangu mimi ukubwa wa mtu huyu ni kwamba alipouona wino hakuona haya kuyafuta yale aliyoyasoma kwa makosa.

Nami nina jambo la kuwaambia wenzangu wa pwani. Ile Kausi ambayo Barnard alipanda mlima kuitafuta, kwetu Lamu, Malindi na Mombasa hupita juu sana mbinguni. Miezi ya Julai na Agosti, baada ya sala ya Isha, iko juu yetu. Juzi umeme ulipozimika mtaani kwetu nilipanda darini, nikalala chali kama alivyolala yule yatima juu ya gari bovu. Niliiona Njia ya Maziwa imepasuka kati kwa mfereji mweusi ambao nimeuona tangu utotoni. Mara hii sikuutazama weupe. Niliutazama ule weusi kwa muda mrefu, hata taa za mtaani zikarudi.

Asubuhi yake nilimpelekea mpwa wangu salamu Muskat, nikamwambia kwamba Barnard sasa namjua, na kwamba kipande kimoja katika vile vyake 24, kile cha pembeni alichotaka kukitupa kwa kuwa ni cheusi kitupu, asikitupe.